Udongo Wetu Unakwenda Wapi?



Mvua za masika zinapofika Kitale na Bungoma, mashamba huwa yamekwisha kulimwa, yanangoja mahindi. Ardhi iko wazi, haina hata jani. Matone yaipiga, maji yashuka kwa kasi, hasa pale plau ilipopita kutoka juu kwenda chini. Yanachukua udongo mzuri wa juu pamoja na mbolea iliyonunuliwa kwa fedha nyingi.

Twagombana na jirani, hata mbele ya chifu, kwa ajili ya hatua moja ya mpaka. Bali mto Nzoia wachukua shamba kidogo kidogo, wala hakuna aushitakiye. Mto huo hupokea maji ya Cherangani na ya Mlima Elgon, ukayapeleka mpaka Budalang'i, karibu na Ziwa Victoria. Huko nchi ni tambarare, maji hupunguza mwendo, tope likatua. Kitanda cha mto chainuka, mafuriko yaja. Mwaka 2008, na tena 2020, kingo za kuzuia maji zilibomoka, watu wakayahama makao yao.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, chaeleza kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kulima twajua sana. Kutunza je? Na jirani yetu ni nani, ikiwa si yule wa Budalang'i apokeaye matope yetu?

Wazee wengine hawapendi kusikia habari za makinga maji, maana wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuyachimba. Huko Murang'a walikataa mwaka 1947. Walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mteremko haujui ni serikali gani inayotawala. Hata wataalamu wa ng'ambo hutumia jina la Kiswahili, fanya juu: mfereji huchimbwa kukata mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, na nyasi za nepia zikapandwa juu ya tuta.

Kazi ngumu iko mpakani. Mwenye shamba la juu asema maji yakishavuka si yake; wa chini asema hawezi kuchimbia maji ya mwingine. Twawashauri wakutane kabla ya mvua, wapime pamoja, wachimbe pamoja, na nyasi wagawane. Kamba, pimamaji ya fundi na majembe mawili vyatosha kuanza.