Habari Mbaya Zisipofika Juu: Usimamizi Mbovu katika Utafiti wa Afya

Utafiti wa afya huanza alfajiri, mdadisi anapopanda bodaboda kuelekea kaya ya kwanza kwenye orodha yake, mkobani ana kishkwambi na fomu za ridhaa. Kila tarakimu itakayochapishwa katika jarida la kitabibu imepita kwanza mikononi mwake, kisha kwa muuguzi wa mradi, afisa maabara na mratibu. Kwa hiyo namna watu hao wanavyosimamiwa ni sehemu ya mbinu za utafiti, ingawa makala za kisayansi, katika sehemu inayoeleza mbinu, haziligusi jambo hilo.

Ukali peke yake haumfanyi kiongozi kuwa mwonevu. Maabara inahitaji ukali: sampuli ikikaa nje ya jokofu imeharibika, na anayekemea uzembe huo anatimiza wajibu wake. Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Sweden na kuchunguza uonevu kazini tangu miaka ya 1980, aliweka kipimo cha muda: vitendo vya uhasama vinavyomlenga mtu angalau mara moja kwa wiki kwa miezi sita au zaidi. Kipimo hicho kinasaidia kutenganisha siku mbaya na mazoea. Kinawaacha nje, hata hivyo, wafanyakazi wengi wa miradi, maana wapo ambao mkataba wao hautimizi hiyo miezi sita.

Mkataba ndio mzizi wa mambo mengi. Fedha za utafiti hutolewa na mfadhili kwa kipindi maalumu, na ajira hufuata fedha. Mtafiti mkuu ndiye aliyeshinda ruzuku, hivyo mara nyingi mtu huyohuyo huamua nani aongezewe mkataba, jina la nani liingie kwenye makala na nani apewe barua ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine. Hospitalini muuguzi aliyegombana na mkuu wa wodi anaweza kuhamishwa wodi. Katika mradi hakuna wodi nyingine. Tena watafiti wa fani moja ni wachache na wanajuana, kwa hiyo anayeondoka kwa ugomvi hukuta sifa yake imemtangulia anakokwenda.

Katika mazingira hayo wafanyakazi huzungumzia mambo yaleyale: kufokewa mbele ya washiriki, maagizo ya usiku kwenye kundi la WhatsApp, posho ya kazi za vijijini inayocheleweshwa bila maelezo, mkataba wa mwezi mmoja mmoja, uchambuzi uliofanywa na mtafiti kijana kisha ukachapishwa kwa jina la mwingine. Uchunguzi wa shirika la Wellcome la Uingereza, uliotolewa Januari 2020 na kushirikisha watafiti zaidi ya 4,000, ulionyesha kuwa asilimia 43 walikuwa wamewahi kuonewa au kunyanyaswa, na asilimia 61 walikuwa wameshuhudia wenzao wakifanyiwa hivyo. Waliosema wangejisikia huru kuzungumzia mambo hayo walikuwa asilimia 37 tu.

Ukimya huo ndio unaougusa utafiti wenyewe. Mwaka 1996 mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichapisha uchunguzi wa makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye uongozi bora zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaonyesha kinyume chake. Maelezo yake yalikuwa kwamba timu hizo hazikukosea zaidi bali zilisema zaidi. Kwenye wodi za viongozi wa kuogopwa makosa yalikuwapo vilevile, ila hayakuandikwa.

Kwa mdadisi, ukimya huchukua sura ya data iliyopikwa. Mtu amepangiwa kaya 10 kwa siku. Mvua imekata barabara, nauli ya bodaboda imepanda, na kaya tatu hazina mtu kwa kuwa wote wako shambani. Akiripoti saba, jioni jina lake litasomwa kwenye kundi kama mvivu. Dodoso tatu zilizobaki zinaweza kujazwa chini ya mwembe, na kwenye kompyuta ya mratibu zitafanana na zile saba za kweli. Patricia Kingori na René Gerrets, katika makala ya mwaka 2016 kuhusu wadadisi wa tafiti za tiba Afrika kusini mwa Sahara, walionyesha kuwa upishi wa data hauelezeki kwa tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja pekee. Unahusiana pia na ari iliyoshuka, matarajio yasiyotekelezeka na ukosefu wa msaada kutoka kwa wasimamizi. Kumfukuza mdadisi na kuacha lengo la kaya 10 kama lilivyo ni kumwandalia mrithi wake njia ileile.

Panapohusika mgonjwa, gharama huwa maisha. Kati ya 2011 na 2012 daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini aliwawekea wagonjwa watatu njia ya hewa ya plastiki mjini Stockholm, akiwa katika chuo maarufu cha tiba cha Karolinska, na makala zake zikaeleza mafanikio. Mwaka 2014 madaktari wanne waliowahudumia wagonjwa hao waliandika kwamba yaliyochapishwa hayalingani na yaliyomo kwenye mafaili. Walichopata ni tuhuma za kuingia kwenye mafaili hayo bila ruhusa, zilizofikishwa hadi polisi. Mei 2015 mchunguzi wa nje alithibitisha udanganyifu wa kitaaluma. Agosti chuo kikamsafisha mtuhumiwa. Funika kombe mwanaharamu apite, na kombe lilifunikwa na watu wenye shahada za juu kabisa. Lilifunuliwa na filamu ya televisheni ya Sweden mwanzoni mwa 2016: mkuu wa chuo akajiuzulu na Macchiarini akafukuzwa. Wagonjwa wote watatu walifariki, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu daktari huyo kifungo cha miaka miwili na nusu. Chuo kilipotoa uamuzi mpya kuhusu makala hizo mwaka 2018, mmoja wa waliotoa taarifa naye alihesabiwa kuwa na hatia, kwa kuwa alikuwa miongoni mwa waandishi. Fundisho walilopata vijana wa maabara kutokana na uamuzi huo halikuhitaji kuandikwa popote.

Ulinzi wa kisheria upo, ila una matundu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi, lakini kwa misingi iliyotajwa tu, kama vile kabila, jinsia, dini au ulemavu. Bosi anayewafokea wote sawasawa hanaswi kirahisi na kifungu hicho. Chenye nguvu zaidi kwa mtu wa mradi ni kanuni kwamba mwenye matarajio yenye msingi ya kuongezewa mkataba anaweza kulalamika asipoongezewa. Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mkataba wa Kimataifa Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, haudai misingi hiyo na unahesabu hata tendo la mara moja kuwa unyanyasaji. Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2023.

Kamati za maadili ya utafiti hazijaziba pengo hilo, kwa sababu ziliundwa kumlinda mshiriki. Wenye uwezo wa haraka ni wafadhili. Mwaka 2018 Wellcome iliondoa ruzuku ya pauni milioni 3.5 kwa mtafiti wa jenetiki ya saratani mjini London, baada ya wafanyakazi wa zamani na wa wakati huo wapatao 45 kumlalamikia kwa uonevu. Hatua hiyo ilitikisa vyuo kuliko semina nyingi, japo ikitekelezwa vibaya inaweza kuwakosesha ajira walewale walioonewa. Fedha zinapoondolewa, mishahara yao nayo lazima ipatiwe chanzo kingine.

Ndani ya mradi, yapo yasiyohitaji fedha nyingi. Malalamiko yapokelewe na mtu asiyelipwa kutoka ruzuku ileile. Orodha ya waandishi ikubaliwe kwa maandishi kabla data haijaanza kukusanywa. Barua ya utambulisho itolewe na taasisi. Malengo ya siku yapangwe baada ya mratibu mwenyewe kuzunguka kaya hizo siku nzima, ikiwezekana msimu wa mvua. Daftari la hitilafu lisomwe kila mwezi, na likikaa miezi mitatu bila ingizo hata moja, mratibu apande pikipiki akakae na wadadisi wake, bila kalamu mkononi, awaulize ni nini wanachoogopa kukiandika.