Bia Tatu na Zamu ya Dharura
Mada kwa semina ya mafundi wa TEHAMA

Nimeombwa nizungumzie ulevi barabarani mbele ya mafundi wa kompyuta, na najua baadhi yenu mnajiuliza mambo hayo yanakutania wapi. Yanakutania kwenye zamu ya dharura. Jumamosi saa nne usiku, fundi yuko harusini kwa binamu yake, bia tatu zimeshashuka, seva ya tawi la Thika inazimika. Bosi anapiga simu. Funguo za gari ziko mfukoni.

Sisi tunaohudumia watumiaji tulijifunza mapema kwamba ukimwachia mtu akumbuke kuhifadhi nakala za kazi zake, diski itakufa na nakala hakuna. Ndiyo maana tunapanga mfumo uzihifadhi wenyewe usiku. Mtumiaji hatumgombezi. Lakini likija suala la pombe na usukani, bado tunahubiri: kunywa kwa kiasi. Hicho kiasi anakipima nani? Pombe huanza kwa kulegeza uwezo uleule wa kujipima. Mtu wa bia tatu hajioni amelewa; anajiona mcheshi, mwerevu na dereva hodari.

Na mwili hauharakishwi. Ini hupunguza pombe kwa takriban miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Aliyefikisha 80 atahitaji zaidi ya saa tano ndipo pombe iishe kabisa. Kahawa kali, supu ya mbuzi, maji baridi kichwani: vyote humwacha mlevi yuleyule, ila macho yamefumbuka. Aliyelala saa nane usiku anaweza kukutwa bado na pombe saa moja asubuhi akielekea kazini, amevaa tai na amenyoa ndevu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo cha dereva kiwe 50, na 20 kwa dereva mchanga.

Kenya tumejaribu Alcoblow, kipimo cha polisi cha pombe kwenye pumzi, kilichoingia barabarani kwa kishindo mwishoni mwa 2013. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba madereva hawawezi kushtakiwa chini ya kanuni za kupima pumzi, ila chini ya Sheria ya Trafiki yenyewe. Mimi naunga mkono kipimo hicho. Kasoro yake ni kwamba kinamkuta mtu akiwa tayari barabarani, tena makundi ya WhatsApp huwa yameshatangaza "wako Waiyaki Way" kabla polisi hawajamaliza kupanga koni.

Ninachokipenda zaidi ni kifaa kinachofungwa kwenye gari lenyewe: dereva anapuliza, na kikinusa pombe injini haiwaki. Finland ilikilazimisha tangu 2011 kwenye magari yanayokodiwa kubeba wanafunzi. Hakihubiri, hakipokei kitu kidogo. Kwetu bei yake ni kikwazo, kwa hiyo tuanze na kisicho na bei kubwa: ratiba ya zamu.

Wengine watasema fundi asiendeshe, aingie kwenye seva akiwa mbali kwa kompyuta yake. Kweli, matatizo mengi hutatuliwa hivyo. Lakini mlevi mwenye nywila ya msimamizi anaweza kufuta hifadhidata nzima bila kugusa usukani. Aliye zamu asinywe, basi. Na hapa waajiri wananiudhi: wanataka mtu akeshe na simu, akae mkavu harusini, kisha hawamlipi hata senti kwa usiku huo isipokuwa simu ilie. Ukimnyima posho, umemwambia kwamba usiku ni wake. Atautumia kama wake.

Alipwe simu ilie isilie. Majina ya zamu yawe mawili, ili wa kwanza akikiri amekunywa asiadhibiwe, wa pili aitwe. Teksi ilipwe na kampuni bila fundi kuomba kibali usiku wa manane.

Vijana mnaoingia kazi hii, mkiitwa kwenye usaili ulizeni zamu ya usiku inalipwaje na usafiri ni wa nani. Mkijibiwa "hapa huwa tunasaidiana tu", ulizeni mara ya pili, na jibu liandikwe kwenye mkataba.