TULIVYOJIFUNZA KUENDESHA GUTA LETU

Hotuba ya Mwenyekiti siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi, Busawe



Habari za hisa, mikopo na marejesho mhazini ameshawasomea, hatuna haja ya kurudia. Sisi tumeombwa tueleze habari za guta, kwa sababu kila mgeni akifika hapa anauliza: lile guta pale chini ya mwembe ni la nani, na ni nani analiendesha? Basi tutaeleza yote, hata yale ya aibu.

Kwa asiyelijua, guta ni pikipiki ya matairi matatu, moja mbele na mawili nyuma, yenye bodi ya kupakia mizigo. Tulilitaka kwa sababu ya hesabu. Mwanachama alikuwa anakopa kwenye kikundi, ananunua karanga au ulezi au anavuna mahindi yake, halafu akifika kwenye kusafirisha kwenda Mugumu, nauli ya bodaboda kwa kila gunia inakula ile faida yote. Anarejesha mkopo kwa kuuza kuku. Tukaona tunafanya kazi ya kuwalisha wenye pikipiki. Tukakubaliana tusivunje mzunguko wa mwaka ule, fedha ibaki, na nyingine tukaomba kwenye ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, ambayo sheria ya mwaka 2018 imeweka isiwe na riba, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Tulibahatika kuipata kabla haijasimamishwa mwaka 2023. Wenzetu waliochelewa walingoja mpaka iliporudi mwaka 2024. Deni lile tumelimaliza, hilo mgeni rasmi analijua.

Guta lilipofika tuliliimbia. Likavishwa kanga. Siku ya tatu tukalipakia magunia manane ya mahindi na mama watatu juu yake.

Hapo ndipo shida zilipoanza. Injini mpya haitaki kulazimishwa, mwanzo unaipakia kidogo mpaka izoee, na oili ile ya kwanza inamwagwa mapema kwa sababu inatoka na vumbi la vyuma vinavyosuguana. Haya yote yaliandikwa kwenye kitabu kilichokuja nalo, lakini kitabu tulikifungia kwenye sanduku pamoja na risiti kisipotee! Kwenye mwinuko injini ikapata moto ikazima. Tena magunia tulikuwa tumeyarundika nyuma, basi tairi la mbele likawa linanyanyuka kama jogoo anayetaka kuwika, na wale mama wakaruka kila mmoja upande wake. Wiki ya pili likagoma kabisa. Fundi akafungua kabureta akakuta maji, maana petroli tulikuwa tunanunua ya chupa kando ya njia. Wiki ya tatu bodi ikaanza kulia kila shimo, kumbe nati zimelegea kwa makorongo ya barabara yetu na hakuna aliyejua kwamba zinakazwa.

Lakini hayo ni ya spana. Shida kubwa ilikuwa nyingine.

Tulikuwa tumeajiri dereva, kijana wetu wa hapa hapa. Hatumlaumu sana, tulimpa kazi bila utaratibu. Alikuwa anatuletea fedha jioni, leo nyingi, kesho kidogo, na akiulizwa anasema, "Mama, leo mzigo haukuwepo." Sisi tunaandika. Tungebisha na nini? Hatukujua lita moja inakwenda wapi, wala safari ya Mugumu inachukua muda gani. Ndugu wanachama, kumbukeni sanduku letu la fedha. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa mama watatu wa nyumba tatu tofauti, hata fedha ikiwa ndogo kiasi gani. Lakini guta, mali kubwa kuliko yote tuliyowahi kununua, lilikuwa na ufunguo mmoja, nao uko mfukoni mwa kijana.

Ndipo ukaja ule usiku. Binti wa mwanachama mwenzetu alishikwa na uchungu saa nane. Tunajua bodi ya mizigo si ya kubebea watu, na askari wa usalama barabarani aliyeko hapa asituandike, lakini saa nane ya usiku mtu hachagui. Tukakimbilia guta. Dereva alikuwa amelala Mugumu na ufunguo anao. Tukasimama pale mama kumi na moja na tochi, tunalitazama. Mmoja akasema, "Hata ufunguo ungekuwepo, nani angeliwasha?" Hakuna aliyejibu. Binti alipelekwa kwa bodaboda, amekaa katikati, mama yake nyuma amemkumbatia. Walifika salama na mtoto mtamwona hapa anakimbizana na wenzake. Lakini sisi tuliobaki pale uani hatukulala.

Mkutano uliofuata tuliandika azimio la mstari mmoja: wanawake wenyewe wajifunze kuendesha. Wakajitokeza sita.

Maneno yalikuwa mengi. Kuna waliosema mwanamke akishajua kuendesha haolewi, wakasahau kwamba wote sita walikuwa wameshaolewa na wengine wana wajukuu. Kulikuwa na neno la nguo. Guta unakaa umelipanua kama pikipiki, na kitenge kirefu kikipeperuka ni hatari, kinaweza kunaswa. Tukaamua suruali ndani, gauni fupi kidogo juu yake, na viatu vya kufunika vidole. Mzee mmoja akasema kwenye baraza kwamba sasa tumekuwa wanaume. Mwenzetu akamjibu kwa heshima, "Baba, gunia nililobeba kichwani miaka thelathini hukuliita la kiume." Mzee akacheka. Leo mahindi yake tunambebea sisi.

Mwalimu alikuwa fundi wa pikipiki, na darasa lilikuwa uwanja wa mpira wa shule, Jumamosi watoto wakishaondoka. Siku ya kwanza hatukuwasha kabisa. Alitufanya tulisukume mbele na nyuma tujue uzito wake. Siku ya pili kuwasha, kushika klachi na kuiachia polepole. Hapo kwenye klachi tuliteseka. Guta lilikuwa linaruka kama chura na kuzima, linaruka na kuzima, na vijana wamejipanga pembeni wanapiga makofi. Kisha giya ya nyuma. Halafu akapakia mawe kwenye bodi, akapanda vijiti, tukazunguka.

Jambo la ajabu ni kwamba tulikuwa tunawaonea wivu wenye pikipiki, kumbe kwenye guta wao ndio wanaopata tabu. Pikipiki ya matairi mawili ukikata kona unalala nayo. Mwalimu alikuwa anapiga kelele, "Guta halilali! Geuza usukani, punguza mwendo kabla ya kona!" Ukilipeleka kasi kwenye kona, tairi la ndani linanyanyuka na linapinduka. Na mwenye pikipiki akiona chombo kinayumba anashusha mguu chini. Kwenye guta ukishusha mguu, tairi lako mwenyewe la nyuma linaupanda. Kijana mmoja aliyekuwa anatucheka aliomba ajaribu, akashusha mguu, akaondoka anachechemea. Mama ambaye hajawahi kupanda hata baiskeli hakuwa na mazoea ya kuyaacha. Alijifunza upya tu, akatangulia.

Tena barabarani, pikipiki inachagua njia moja nyembamba inapita. Guta lina njia tatu. Ukiepusha tairi la kushoto shimo, la kulia linaingia. Kwenye njia iliyochimbwa na magari, tairi la mbele linapanda kile kituta cha katikati na usukani unakupiga mikono.

Kituta hicho ndicho kilichomwangusha mhazini wetu. Ilikuwa safari ya kwanza ya mzigo, magunia manne, mwalimu yuko nyuma. Usukani ukamponyoka, tairi moja likashuka mtaroni, guta likalala. Akavunjika mfupa wa bega. Fedha ya matibabu ilitoka mfuko wa jamii, na mume wake alikuja kwa hasira, naye alikuwa na haki.

Tukaitisha mkutano. Tukiri hapa mbele ya watu: sisi viongozi ndio tuliokuwa wa kwanza kusema guta liuzwe. Tulikuwa tumeogopa. Tuliona mauti. Tulikuwa na mnunuzi tayari, na wengi walishanyoosha mikono. Mhazini akaingia mkono umefungwa na kanga shingoni, hakuna aliyemwita. Akasema, "Mkiliuza, bega langu mtaliandika kwenye kitabu kipi? Cha mapato au cha matumizi?" Akakaa. Mikono ikashuka mmoja mmoja.

Tulichobadilisha ni hiki. Gunia zito linakaa mbele ya bodi na chini, na linafungwa kamba. Hakuna safari ya mzigo kabla ya mwezi mzima wa bodi tupu. Kila asubuhi upepo, oili, nati, breki, taa. Na mtu haendi barabara kuu bila leseni, akajifunze chuo cha udereva kama sheria inavyotaka, ada anakopeshwa na kikundi. Kati ya wale sita, wanne wana leseni leo, mhazini akiwa mmojawapo. Wawili waliacha, na hatukuwasema. Woga nao ni akili.

Ufunguo wa pili tuliuweka kwenye sanduku la kufuli tatu. Tulijiona wajanja, mpaka tulipouhitaji usiku ikabidi tuamshe nyumba tatu. Sasa uko kwa mama anayekaa jirani na guta, na daftari la safari liko naye. Kila safari inaandikwa: mzigo wa nani, magunia mangapi, petroli ya kiasi gani, na petroli ni ya kituoni. Tangu tuanze kuendesha wenyewe fedha ya jioni haipandi na kushuka tena bila sababu.

Shida hazijaisha. Masika ule udongo wetu mweusi unashika matairi yote matatu, guta linazama mpaka difu, na ukilazimisha unachoma klachi. Siku hizo tunaliegesha, tunarudi kichwani. Vipuri vingine mpaka viagizwe Musoma. Tairi za nyuma zimeisha, na hilo tumelieleza kwenye risala iliyosomwa kwa mgeni rasmi, hatutalirudia.

Baada ya chakula guta litawashwa pale chini ya mwembe. Betri yake ni dhaifu kwa hiyo litapigwa kiki, msishangae likikataa mara mbili tatu. Mafunzo ya kundi la pili yanaanza Jumamosi ijayo uwanja ule ule. Anayetaka amwone katibu ajiandikishe, aje na suruali na viatu vya kufunika vidole, na wanaume wanaotaka kuja kutazama watakaa upande wa goli la mbali.