Mpira Uliofungiwa Kabatini



Nabii Zekaria, alipojaliwa kuuona mji wa Yerusalemu utakaorudishiwa heri yake, aliona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia za mji zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Angalieni: na wasichana pia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mlezi wa shule moja. Darasa la saba lilipokaribia mtihani, niliamuru mpira ufungiwe kabatini ili watoto wasome hadi jioni. Haukupita mwezi nikawa mwamuzi wa ugomvi kila siku: huyu amempiga mwenzake rula, yule amemchania daftari. Masomo yenyewe hayakusonga mbele. Nikadhani ni utovu wa adabu, nikaongeza adhabu. Leo nakiri kwamba nilikosa. Mwili wa mtoto ulioketishwa tangu asubuhi huchoka bila kutumika, na akili yake haishiki somo.

Mtakatifu Yohane Bosco, akiwa na umri wa miaka 9, aliota kundi la wavulana wakipigana na kutukana, naye akawarukia kwa ngumi ili wanyamaze. Akaambiwa kwamba hao hawatapatikana kwa mapigo, ila kwa upole. Hakuisahau ndoto ile. Huko Torino, alikowakusanya vijana fukara, uwanja wa michezo ulikuwa na heshima karibu sawa na darasa. Lakini hakudhani kwamba mpira peke yake humtuliza mkorofi. (Sote tumeona mechi zilizoishia kwa mawe.) Katika barua aliyoandika kutoka Roma mwaka 1884, alisikitika kwamba walezi wameacha kucheza na vijana, wanawatazama kwa mbali tu, na uwanja umejaa uchovu na kinyongo.

Na wasichana je? Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa bidii dakika 60 kwa siku, kwa wastani. Uchunguzi wake uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mwaka 2016, kati ya wanafunzi 100 wa miaka 11 hadi 17, wasichana 85 hawakufikia kiasi hicho. Kwa wavulana walikuwa 78. Najua mama mmoja atasema: binti yangu huchota maji na kutwanga, mazoezi gani tena? Ni kweli, mwili wake hutumika. Lakini mchezoni mtoto hujifunza kushindwa bila chuki na kushinda bila kiburi, tena pamoja na wenzake. Ndoo haimfundishi hayo. Na ndoo hiyo, kaka yake naye ana mikono.

Nanyi makatekista, mafundisho ya Jumamosi yakiisha, msikimbilie baiskeli zenu. Bakini uwanjani nusu saa.

Mimi niliutoa mpira ule kabatini, nikavua viatu, nikaingia. Siku ya kwanza nilipigwa chenga na msichana mdogo wa darasa la tano, na wale wagomvi wawili wakacheka hadi wakashikana mabega.