Neema ya Majira katika Misitu ya Ukonongo: Mhadhara wa Umma, Inyonga



Katika nchi za Ulaya yako majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, masoko yakajaa matofaa na maboga, na matabibu wa huko wakawausia watu wale mazao mabichi ya mashamba ya jirani kabla baridi haijashika ardhi. Usia huo ni mwema. Kwetu sisi wa Ukonongo, ambao mvua yetu ni moja tu, huanza Novemba na kukoma Aprili, majira yanayolingana na hayo ni yale ambayo masika yanaaga na kipupwe kinaingia, mahindi mabichi yanachomwa jioni, majani ya kunde yangali teketeke, na karanga zinang'olewa na udongo wake. Mazao hayo kila mwenye jembe anayafahamu, kwa hiyo sitarefusha maneno juu yake. Shauku yangu ni kusema juu ya chakula kibichi cha Inyonga ambacho hakikupandwa na mtu yeyote.

Miti mikuu ya misitu yetu ya miombo, mtundu na muba ikiwa miongoni mwake, ina mapatano ya kale na uyoga: nyuzi nyembamba za uyoga huizunguka mizizi, zikaipatia maji na madini ya ardhi hii isiyo na rutuba nyingi, nao mti huzirudishia sukari uliyoitengeneza kwa jua, kama wafanyavyo wachuuzi wawili wanaobadilishana bidhaa bila fedha. Uyoga wa manjano ambao akina mama huuleta nyumbani vikapuni mvua zikishamiri ni zao la mapatano hayo, na ndiyo maana hauoti shambani hata ukiubembeleza. Uyoga mkubwa wa vichuguu una asili nyingine, kwani huo hulelewa na mchwa; lakini ule wa mizizini, ukiangushwa mti wake, hutoweka pamoja nao, na wala hakuna mbegu dukani ya kuurejesha.

Hapa sina budi kuitaja tumbaku, nami naitaja kwa heshima, maadamu imewasomesha watoto wengi wa wilaya hii ya Mlele. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo hutoka katika miti ile ile. Fauka ya hayo, tumbaku huchumwa katika miezi ya mvua, wakati uyoga na mboga za porini zinahitaji mikono ya kuzikusanya, hata nyumba yenye tumbaku nzuri ikaweza kulala na ugali mkavu ilhali msitu ulio nyuma yake umejaa kitoweo. Kwa rai yangu hesabu ya faida ya zao hilo haijakamilika mpaka kitoweo kilichopotea kiandikwe humo.

Matunda nayo yana zamu zake. Furu nyeusi huiva masika yakiisha, matonga yenye ganda gumu hungoja kiangazi, na mbura huja karibu na mvua mpya, ghala zikiwa zimepungua. Msafiri Henry Morton Stanley, alipopita Ukonongo mwaka 1871 akizunguka kuiepuka vita baina ya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, hakuacha kulitaja katika kitabu chake tunda la msituni liitwalo mbembu. Asali vilevile: maua ya muba yachanuayo mwishoni mwa mvua hutupa asali ya kipupwe, na ya mtundu, yanayotangulia mvua mpya, hutupa ile ya mwisho wa mwaka. Lakini mzinga wa gome huua mti uliobanduliwa, na mti huo ulikuwa malisho ya nyuki. Mzinga wa sanduku haudai gome la mti ulio hai.

Watauliza wengine: msimu ukipita, tule nini? Wanyamwezi na Wasukuma walio majirani zetu wamekwisha kujibu, kwa michembe na matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na kwa nsansa ya majani ya kunde yaliyokaushwa. Mboga iliyochumwa asubuhi, ikachemshwa kidogo na kukaushwa siku hiyo hiyo, ni bora mara nyingi kuliko kabichi iliyosinyaa garini kwa siku kadhaa. Ila jua kali la moja kwa moja huharibu sehemu kubwa ya vitamini A ya majani hayo. Kwa hiyo naomba, kwa taadhima, shule zetu za bweni zinunue mboga hizo kwa akina mama wa hapa, na vichanja vya kukaushia vijengwe chini ya paa la nyasi, penye kivuli na upepo wa kipupwe.