Hataki au Hawezi? Kumwelewa Kijana Mwenye ADHD

Maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, walezi na walimu wa vijana wa Nanyuki na viunga vyake



Mazungumzo haya yanamhusu kijana ambaye kila mtaa wa mji huu unamjua, kuanzia Likii hadi Majengo. Ana miaka 14 au 15. Anaambiwa achote maji, alishe kuku, kisha aketi asome. Maji yanachotwa, lakini mtungi unaachwa njiani na kuku wanalala njaa. Sweta ya shule imepotea kwa mara ya tatu, na baridi ya mlima haimsubiri mtu anunue nyingine. Daftari lake la hisabati lina kurasa nne zilizoandikwa vizuri, halafu hakuna kitu. Mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba ana uwezo ila hajitumi. Nyumbani anaitwa mvivu, na yeye mwenyewe ameanza kuliamini jina hilo.

Baadhi ya vijana wa namna hii si wavivu wala wakaidi. Wana hali ambayo hospitalini hujulikana kwa herufi ADHD, yaani upungufu wa umakini, ambao mara nyingi huandamana na papara na mwili usiotulia. Hali hii haikuletwa na simu wala maisha ya kisasa. Mwaka wa 1902 daktari Mwingereza, George Still, aliwaeleza madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto wenye akili nzuri walioshindwa kujizuia. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zinakadiria kwamba watoto 5 hivi kati ya kila 100 wanayo. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni wawili au watatu.

Si laana, wala si matokeo ya malezi mabaya. Kwa sehemu kubwa hurithiwa, na mzazi anayesikiliza haya huenda akakumbuka utoto wake mwenyewe. Mwaka wa 2007 watafiti nchini Marekani walilinganisha picha za ubongo za watoto wenye ADHD na za wenzao. Waligundua kwamba tabaka la nje la ubongo, hasa sehemu za mbele zinazosaidia mtu kupanga na kujizuia, lilikomaa kwa kuchelewa takriban miaka 3. Hilo halimpunguzii kijana akili. Ila anaweza kuwa na akili ya miaka 15 huku uwezo wake wa kujisimamia ukiwa bado nyuma ya umri wake.

Hapa ndipo kiini cha mazungumzo haya. Kijana mwenye ADHD kwa kawaida anajua linalotakiwa. Ukimuuliza, atakuambia hatua zote. Kinachomshinda ni kulitenda pale na wakati ule linapotakiwa. Ndiyo maana hotuba ndefu ya jioni haibadilishi asubuhi yake. Msaada unaomfaa ni ule unaomkuta mahali pa kazi yenyewe: mlangoni kabla hajatoka, mezani kabla hajafungua kitabu, darasani kabla hajapotea.

Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli kijana anahitaji mipaka, na mwenye ADHD anaihitaji kuliko wenzake. Lakini methali hiyo haikutaja kiboko. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, kifungu cha 36, inakataza kumwadhibu mwanafunzi kikatili, kimwili au kisaikolojia. Anayepatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, au yote mawili. Hata sheria ikiwekwa kando, kiboko hakifundishi ubongo kukumbuka. Kinamfundisha kijana kudanganya na kutoroka.

Je, mzazi atatambuaje? Kila kijana husahau, na kila kijana huchoka kusikiliza. Wataalamu huangalia mambo manne. Kwanza, dalili ziwe zilianza kuonekana kabla ya miaka 12. Aliyebadilika ghafla akiwa na miaka 16 huenda ana tatizo jingine. Pili, ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi. Tatu, zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Nne, ziwe zinavuruga masomo, urafiki au usalama wake.

Jambo jingine ni kwamba dalili hubadilika na umri. Mtoto aliyekuwa akipanda meza akiwa na miaka 7 anaweza kuonekana ametulia akiwa na miaka 15, kumbe kasi ile imehamia ndani: mguu unatikisika chini ya dawati, mawazo yanaruka, hasira inalipuka na kuzimika. Wasichana ndio husahaulika zaidi. Wengi hawasumbui mtu. Wanakaa kimya wakitazama dirishani, na kwa sababu hawavunji kitu hakuna anayewauliza lolote mpaka alama zishuke.

Mzazi asijitangazie jibu. Kutosikia au kutoona vizuri, kifafa, usingizi mchache, njaa, huzuni ya kufiwa, kudhulumiwa na matumizi ya dawa za kulevya vyote vinaweza kufanana na ADHD. Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo familia inaweza kupewa rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili kupitia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Nanyuki. Beba ripoti za shule za miaka iliyopita, maoni ya walimu wawili na usajili wa SHA wa familia. Kwa upande wa masomo, viko vituo vya elimu vya kutathmini mahitaji ya wanafunzi, mfumo ulioanzishwa nchini mwaka wa 1984. Mwalimu mkuu anaweza kuielekeza familia kwenye kituo chake.

Huku rufaa ikisubiriwa, kuna yanayoweza kuanza leo bila gharama kubwa.

Nyumbani, agizo liwe moja kwa wakati mmoja, na kijana alirudie kwa maneno yake. Orodha fupi ya kazi za asubuhi ibandikwe mlangoni. Kazi ya shule igawanywe vipande vya dakika 20, na kati yake asimame, anywe maji, arudi. Simu ilale chumba cha wazazi, kwa kuwa kijana anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na ukosefu wa usingizi huzidisha kila dalili. Akifanya vizuri, asifiwe papo hapo na kwa kutaja alichofanya. Akikosea, adhabu iwe ndogo, ya haraka na inayojulikana mapema. Kumnyima mpira kwa muhula mzima ni kumnyima mazoezi yanayomsaidia kutulia.

Shuleni, aketi mbele, mbali na mlango na dirisha. Mwalimu akiandika kazi ubaoni badala ya kuisema tu, atawasaidia na wengine. Karatasi moja ya kila siku yenye malengo matatu, itiwe sahihi na mwalimu wa darasa na kisha na mzazi, inaweza kufanya kazi ambayo barua kumi za onyo hazikuifanya. Mwanafunzi mwenye nguvu nyingi apewe jukumu la kukusanya madaftari, ili apate sababu halali ya kusimama.

Dawa nazo zipo. Methilfenideti ni miongoni mwa zinazotumiwa zaidi, na huwasaidia vijana wengi kuzingatia jambo. Hutolewa kwa agizo la daktari peke yake. Inaweza kupunguza hamu ya chakula, kuchelewesha usingizi na kuongeza mapigo ya moyo, kwa hiyo kijana hupimwa uzito na presha mara kwa mara. Haigawanywi kwa rafiki wakati wa mtihani, wala haiachwi au kuongezwa kiholela. Anayeitumia si mwendawazimu, kama vile mwenye miwani si kipofu.

Miraa na muguka si mbadala. Zina kathinoni, kemikali inayochangamsha ubongo, na kijana anaweza kudhani zinampa utulivu anaoutafuta. Zinampora usingizi, kisha fedha, kisha shule. Pikipiki ni hatari nyingine. Papara barabarani huua, na sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha bodaboda.

Lililo zito zaidi ni kuhamia sekondari pevu. Kijana aliyezoea shule karibu na nyumbani anamaliza Gredi ya 9, anapelekwa bwenini akiwa na sanduku, ratiba ya kengele na hakuna mama wa kumkumbusha. Kila kamba iliyokuwa ikimshikilia inakatwa siku moja. Wiki chache baadaye anaweza kurudishwa nyumbani na barua: amechelewa, amepoteza vitabu, amemjibu mwalimu. Wengine hawarudi tena darasani.

Hilo linaweza kuzuiwa kabla ya kufunga sanduku. Ikiwa shule ya kutwa inapatikana, familia iipime kwa uzito. Ikiwa ni bweni, mzazi azungumze na mwalimu wa darasa na mwalimu wa bweni siku ya kuripoti, akiwa na barua ya daktari. Dawa zihifadhiwe na muuguzi wa shule. Apatikane mtu mzima mmoja pale shuleni ambaye kijana atamwona kila Jumatatu, hata kwa dakika 10, wapitie ratiba ya wiki. Na kabla ya shule kumsimamisha mwanafunzi, iulize kama amewahi kufanyiwa tathmini. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Haki hiyo haikuwekewa sharti la kutopoteza sweta.

Kijana aliye katika dhiki, au mzazi aliyefika mwisho wa subira, anaweza kupiga simu nambari 116, huduma ya watoto isiyolipishwa. Na yule aliyemtambua mtoto wake katika maneno haya asingoje muhula ujao. Wiki hii amtembelee mwalimu wa darasa na kumwuliza swali moja: anachofanya nyumbani, hufanya na huku?