Pima Kwanza, Spana Baadaye: Paralelisme ya Gari Jipya la Spoti Lenye Dhamana



Niliombwa nizungumzie paralelisme, yaani kupanga magurudumu yaelekee sawa. Mada hiyo pekee isingetuchosha, maana kila fundi aliye humu ameifanya. Nimeongeza mambo mawili yanayoibadilisha: gari ni jipya, na lina dhamana. Mikono iliyozoea Hilux zilizokwisha kung'olewa meno na barabara ya Kambove ikihamia kwenye gari la spoti lililotoka dukani juzi, inaweza kumpotezea mwenye gari haki yake kabla hata hajajua kwamba alikuwa nayo. Hoja yangu nitaisema sasa hivi, ili anayetaka kutoka kunywa chai aondoke nayo. Gari la namna hiyo likiingia gerejini kwako hapa Likasi, kwanza lipime na uandike ulichokiona. Boliti isiguswe.

Najua kuna atakayecheka: gari la spoti, Likasi? Ni machache, sibishi. Ila barabara ya taifa namba 1 hupitia kwetu ikienda Kolwezi kutoka Lubumbashi, na mwenye fedha ya shaba anayelala mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine hana njia ya kutukwepa. Tena mengi nitakayosema yanalihusu vilevile gari lolote jipya lenye magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, hata kama ni jeep ya familia.

Gari jipya linawezaje kuwa limepinda?

Kiwandani magurudumu hupimwa kwa mitambo ya mwanga, na gari hutoka likiwa sawa. Halafu linaanza safari. Likija kwetu hupanda meli hadi Durban au Dar es Salaam, kisha hubebwa na lori kupitia Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Njia nzima limefungwa ili lisicheze. Mikanda ikipita juu ya tairi, hakuna neno. Minyororo ikishikizwa kwenye mikono ya saspensheni na lori likapiga mashimo usiku kucha, hapo mambo hubadilika, na gari haliwezi kusema lilifungwaje.

Viwanda vingi pia huweka vipande vya plastiki au mpira katikati ya springi ili gari lisishuke likagusa sakafu ya meli, na tairi hujazwa upepo mwingi kuliko kawaida. Ni kazi ya wakala kuvitoa vipande hivyo na kupunguza upepo kabla mteja hajakabidhiwa ufunguo. Kwa hiyo gari la spoti likikujia limenyanyuka kama linaogopa maji na linadunda kwenye kila tuta, chungulia springi kwanza kabla ya kutafuta kosa kwingine. Ukilipima likiwa na vile vipande utapata namba za uongo, na ukilirekebisha kwa namba hizo, siku vitakapotolewa utakuwa umeliharibu wewe.

Kuna na sababu isiyo kosa la mtu. Springi mpya hushuka kidogo na bushi za mpira hupata mahali pake katika kilomita za mwanzo. Nissan walipotoa GT-R yao mwaka 2007, waliingiza upimaji wa magurudumu katika huduma ya kwanza ya karibu kilomita 1,000. Gari limetoka kiwandani kwa mitambo ya kisasa kabisa, na bado mtengenezaji mwenyewe anataka liangaliwe mapema hivyo. Mteja anayekuja kwako na gari la kilomita 800 akilalamika kwamba usukani haukai katikati, usimwambie kwamba gari jipya haliwezi kuwa na shida.

Namba ndogo, barabara ndefu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ubishi wetu mwingi unapoanzia.

Chukua gurudumu moja lililogeuka digrii 0.2 kutoka kwenye mwelekeo wa gari. Kwenye rimu ya inchi 18, ukipima ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, tofauti ni milimita 1.6 hivi. Jicho halioni. Lakini piga hesabu: katika kila kilomita moja, gurudumu hilo linataka kwenda pembeni mita tatu na nusu, na gari halilikubalii, basi mpira husuguliwa kwa kiasi hicho. Kutoka hapa hadi Lubumbashi ni kama kilomita 120. Ni zaidi ya mita 400 za kuburuzwa kwa ubavu, kwenda tu, bila kurudi. Tairi za gari la spoti zina mpira laini ili zishike lami, na mpira laini hausamehe.

Mwinamo ni jambo jingine, na hapa nawaomba msichanganye. Magari mengi ya spoti hutoka kiwandani magurudumu yakiwa yameinamia ndani kwa juu, hasa ya nyuma. Yamefanywa hivyo makusudi, ili kwenye kona tairi lilale vizuri barabarani. Ukilitazama kwa macho ya Land Cruiser utadhani limepinda, na kijana mwenye bidii atataka kulisimamisha. Asithubutu. Dawa ni kufungua kitabu cha vipimo cha gari lenyewe, cha mwaka wake na aina yake, na kulinganisha. Ubaya wa mwinamo huo ni kwamba tairi huliwa upande wa ndani, ambako mwenye gari haoni. Nje anaona michoro mizima, ndani nyuzi zimeanza kuchungulia. Ndiyo maana kina cha tairi lazima kipimwe mahali patatu: ndani, katikati na nje.

Sasa kuhusu kamba tunayopimia. Wapo wanaodhani kamba ni ufundi wa maskini. Hao wakatazame mashindano ya magari. Mafundi wa huko bado hutega nyuzi kando ya gari na kupima kwa rula hadi rimu, na wanapata majibu mazuri. Shida yetu ni jinsi tunavyoitega. Tumezoea kuegemeza kamba kwenye tairi la nyuma na kuivuta hadi mbele. Magari mengi ya spoti yana tairi pana zaidi nyuma, na umbali kati ya magurudumu mawili ya nyuma haulingani na wa mbele. Kamba iliyoegemea tairi la nyuma imeanza na kosa. Inatakiwa isimame mbali na gari, kwenye nguzo zake, kwenye urefu wa kitovu cha gurudumu, ikiwa sambamba na mstari wa katikati wa gari pande zote mbili. Sakafu iwe sawa. Nusu ya gereji zetu hapo ndipo zinapoanguka, na kwa hili sina lawama, saruji ni ghali.

Jambo jingine la mazoea ni kupima mbele tu. Kwa ekseli nzima ya nyuma juu ya springi za majani inatosha, hakuna kingine cha kurekebisha kule. Kwenye gari la spoti kila gurudumu la nyuma lina boliti zake, na ndilo linaloamua gari lielekee wapi. Magurudumu ya nyuma yakielekea kulia kidogo, dereva atashika usukani ukiwa umepinda ili aende moja kwa moja. Fundi aliyepima mbele peke yake ataunyoosha usukani, mteja atafurahi, na tairi za nyuma zitaendelea kuliwa.

Mwisho wa sehemu hii: usukani una kihisi kinachoiambia kompyuta magurudumu yameelekea wapi. Ukibadilisha fimbo za usukani bila kukirudisha kihisi kwenye sifuri kwa kompyuta inayokubaliana na gari hilo, mfumo wa kuzuia kuteleza unaweza kufunga breki ya gurudumu moja kwenye kona ambayo gari lilikuwa salama. Asiye na kompyuta hiyo asirekebishe. Kupima anaweza.

Dhamana inasema nini

Vijitabu vya dhamana haviko sawa, lakini vinafanana katika mawili. Kwanza, paralelisme huwekwa kwenye fungu la marekebisho, na fungu hilo huwa na muda mfupi kuliko injini na giaboksi. Mteja anaambiwa dhamana ni ya miaka mitatu, anatulia, kumbe kwa jambo hili muda wake umekwisha zamani. Pili, uharibifu wa kugonga shimo au ukingo wa barabara haumo. Wakala akiona alama kwenye rimu, mazungumzo yamekwisha.

Kwa hiyo ubishi wote unakuja kwenye swali moja: upotofu ulikuwepo siku gari lilipotolewa, au ulitokea barabarani? Na sote tunaijua barabara yetu, yenye malori ya shaba yanayoshuka kwenda Kasumbalesa na mashimo yanayozaliwa kila msimu wa mvua. Wakala hahitaji hoja nyingine. Atasema, umepita pale, basi. Kinachoweza kumjibu ni vipimo vilivyochukuliwa mapema, rimu zikiwa hazina hata mkwaruzo, na boliti bado zina alama ya rangi ya kiwandani. Fundi akizilegeza hata robo ya mzunguko kwa nia njema, ushahidi umekufa.

Sheria nayo inamtaka mteja awe mwepesi. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo bado ndiyo msingi wetu, inamlazimu muuzaji kubeba kasoro zilizojificha, lakini inamtaka mnunuzi adai katika muda mfupi. Kampuni ikinunua gari kwa kampuni, tunaingia kwenye sheria za biashara za OHADA, ambazo nchi yetu ilijiunga nazo Septemba 2012. Huko kasoro inayoonekana siku ya kupokea mali inatakiwa kutangazwa kwa muuzaji ndani ya mwezi mmoja. Usukani uliopinda tangu siku ya kwanza, nani atasema haukuonekana?

Magari ya Dubai niyataje kwa kifupi, kwa kuwa ni mengi. Gari linaweza kuwa na kilomita sifuri na karatasi nzuri za dhamana, na mara nyingi dhamana hiyo hailifuati nje ya eneo lilipouzwa. Mwenye gari wa namna hiyo aambiwe ukweli mapema. Pengine kwake yeye ni afadhali urekebishe mara moja, ukiwa na vifaa.

Karatasi ya vipimo

Iandikwe namba ya chasisi, tarehe, kilomita, upepo wa kila tairi kabla hujaugusa, na kiasi cha mafuta kwenye tangi, maana uzito hubadilisha kimo. Kina cha tairi mahali patatu kwa kila moja. Vipimo vya magurudumu yote manne, kando yake vipimo vya kiwanda, na njia uliyotumia. Kama ni kamba andika kamba, usione aibu. Piga picha za rimu na boliti. Mwisho andika wazi kwamba hakuna kilichorekebishwa, na wewe na mteja mtie sahihi. Nakala moja ibaki kwako.

Waliopita karakana za Ateliers Centraux de Panda hawatashangazwa na haya. Kule shafti haifunguliwi kabla ya vipimo vyake kuingia kwenye karatasi. Ni sisi wa magari tuliojizoeza kuanza na spana, kwa kuwa mteja wetu amesimama mlangoni anatazama saa.

Bei ndiyo itakayoleta kelele. Tumezoea kutoza kwa kazi ya kufunga na kufungua, na mteja akiona gari limetoka kama lilivyoingia atauliza analipia nini. Napendekeza kupima kuwe na bei yake, ibandikwe ukutani, iwe chini ya bei ya kurekebisha lakini isiwe bure. Kazi ya bure haitaandikwa vizuri, na wakala akiipata karatasi iliyoandikwa ovyo ataitupa. Kiasi gani, tukubaliane leo kabla ya kuondoka, tukianza na wenye sakafu za saruji.